Sura ya Saba: Kamba Kwanza, Samaki Baadaye

Anayeanza kufuga viumbe wa maji chumvi humfikiria samaki kwanza. Humtamani kangaja wa buluu, samaki wa anemoni mwenye mistari myeupe, kipepeo wa manjano. Akishawapata wote na tangi likapendeza, ndipo hukumbuka yule kamba mwekundu mwenye vipapasio virefu vyeupe aliyewahi kumwona mahali. Anamnunua, anamtumbukiza, na kesho yake hamwoni. Wiki ikiisha anarudi dukani kununua mwingine, na huyo naye anapotea vivyo hivyo.

Mimi nashauri kinyume chake. Chagua kamba kwanza, mpangie makao, mwache azoee, kisha tafuta samaki wanaoweza kuishi naye. Kamba ndiye mnyonge wa tangi zima. Chumvi ikibadilika ghafla, yeye huumia kabla ya wengine. Dawa ikitiwa, yeye hufa kabla ya ugonjwa wenyewe kuisha. Akiingia samaki mlafi, yeye ndiye mlo wa kwanza. Basi tangi ambalo kamba ameishi miaka miwili mitatu, anakula vizuri na kujivua gamba bila shida, ni tangi ambalo takriban samaki yeyote mpole ataishi humo raha mustarehe. Ukianza na samaki huna kipimo hicho.

Kamba ninaowazungumzia si wale wa delta ya Rufiji au Ghuba ya Ungwana, wanaozaliwa baharini, kukulia mikokoni na kuishia kwenye sufuria ya nazi. Hao huzoea matope na mchanga, na tangi la kioo halina la kuwapa. Wetu ni wa matumbawe: wadogo, wenye rangi, wanaokaa nyufani na kwenye vipango. Maarufu kuliko wote ni kamba msafishaji, ambaye wanasayansi humwita Lysmata amboinensis. Jina hilo limetokana na Ambon, kisiwa cha Indonesia, lakini kamba mwenyewe yupo pia kwenye miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hufikia urefu wa sentimita tano au sita hivi. Ubavu ni wa manjano hafifu, mgongo mwekundu, na katikati ya mgongo unapita mstari mweupe ulionyooka kutoka kichwani hadi karibu na mkia. Vipapasio vyake vyeupe ni virefu kuliko mwili wake, na mara nyingi ndivyo pekee utakavyoviona vikichezacheza kwenye giza la pango.

Hivyo vipapasio ni tangazo la biashara. Kwenye mwamba, kamba huyu hukaa mahali pamoja siku zote na samaki humfuata hapo kama wateja wanavyomfuata kinyozi. Chewa mkubwa husogea, akatulia, akapanua mdomo na mashavu. Kamba hupanda juu yake, akayumbayumba kidogo, kisha huanza kuchokoa vimelea, ngozi iliyokufa na mabaki ya chakula, hata ndani ya mdomo na kwenye matamvua. Akimaliza, chewa hutikisa mwili na kamba hushuka. Conrad Limbaugh, mwanabiolojia na mzamiaji wa Taasisi ya Scripps huko California, ni miongoni mwa watu wa kwanza waliolichunguza jambo hili kwa makini wakiwa chini ya maji. Makala yake kuhusu usafishaji huo ilitoka katika jarida la Scientific American mwaka 1961, yeye mwenyewe akiwa tayari amefariki mwaka uliotangulia, akizamia katika pango la chini ya maji kusini mwa Ufaransa.

Sasa hapa pana fumbo linalowagharimu wafugaji wengi. Ikiwa chewa wa baharini humwacha kamba aingie mdomoni na kutoka salama, mbona chewa wa kwenye tangi humla?

Jibu lipo katika namna wanavyokutana. Baharini kamba ndiye mwenyeji. Yupo mahali pake panapojulikana, anayumba, anatikisa vipapasio, na samaki anakuja kwa hiari akiwa na haja ya kusafishwa. Kwenye tangi, kamba anamwagwa kutoka juu, katikati ya mchana, taa zikiwaka, mbele ya samaki waliokwisha kujigawia kila kona na waliozoea kwamba kitokacho juu ni chakula. Anaanguka polepole huku miguu ikitapatapa. Hata samaki mpole atamdonoa. Samaki mwenye mdomo mpana hatamwuliza kazi yake.

Ndiyo maana nasisitiza kamba atangulie. Akiwa amekaa wiki kadhaa peke yake au na wenziwe, atakuwa na pango lake, atajua njia za kukimbilia, na samaki mgeni ndiye atakayemkuta. Mara nyingi hatachelewa kumkaribia huyo mgeni na kumgusagusa kwa vipapasio. Kama huna budi kumtia kamba kwenye tangi lenye samaki tayari, subiri usiku, zima taa, walishe samaki washibe, kisha mshushe kwa mkono au kwa kikombe hadi kwenye jiwe lenye tundu. Usimwachie juu ya maji.

Hata hivyo utangulizi huo una mipaka yake. Wapo samaki ambao hakuna mpango utakaowafanya wakae na kamba. Kikande ana meno ya kuvunja kome na kaa, na kamba kwake ni kazi ya dakika moja. Bunju vilevile. Samaki-simba, mwenye miiba ya sumu na mapezi kama shela, humeza chochote kinachotosha mdomoni mwake, na mdomo wake hutanuka kuliko unavyodhani. Yule samaki-mwewe mdogo, anayetua juu ya mawe na kuzungusha macho, huuzwa kwa sifa ya upole. Upole huo ni kwa samaki wenzake tu, kwani chakula chake baharini ni pamoja na kamba wadogo. Chewa akiwa mchanga wa kidole kimoja huvutia sana, lakini hukua, na akili ya chewa aliyekua ni mdomo wake.

Kwa mikunga inabidi kutofautisha. Wengi huogopa mikunga wote kwa sura zao, kumbe baadhi yao, hasa wa jamii ya Gymnothorax wanaokula samaki, ni wateja wa jadi wa kamba msafishaji na huweza kuishi naye miaka. Aliye hatari ni mkunga mdogo mzuri mwenye mabaka meusi na meupe, Echidna nebulosa, ambaye huuzwa kama mkunga wa wanaoanza. Meno yake ni butu, yaliyoumbwa kwa kusaga magamba ya kaa na kamba. Huyo hali samaki sana, na ndiyo sababu wauzaji humsifu. Wanasahau kutaja anachokula.

Wanaobaki ni wengi, na wanatosha kabisa kupamba tangi. Kangaja hula mwani na hana habari na kamba. Samaki wa anemoni, wakiwemo wale wa kwetu Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, hukaa vizuri na kamba msafishaji, ila wakiwa na mayai humfukuza yeyote anayesogea. Magobi wa kila aina ni majirani wema. Na gobi mmoja, nitakayemfikia mbele kidogo, ni zaidi ya jirani.

Kabla ya hapo, kujivua gamba.

Kamba hana mifupa. Amefungwa ndani ya gamba gumu lisilokua, kwa hiyo ili akue lazima alivue. Kamba msafishaji aliyelishwa vizuri kwenye maji ya joto hufanya hivyo kila baada ya wiki chache. Siku ya kuamkia tukio, huacha kula, hupunguza kusafisha samaki na kujificha. Halafu, mara nyingi usiku, gamba hupasuka mgongoni pale kifua kinapokutana na mkia, naye hujipinda na kuchomoka kwa mkupuo. Huacha nyuma nakala yake kamili: miguu, vipapasio, hata ngozi ya macho. Asubuhi mfugaji anaikuta imelala mchangani au imenasa kwenye pampu, moyo unamwenda mbio, anadhani amefiwa. Itazame vizuri. Gamba tupu hupenya mwanga na huyumba na mkondo wa maji kwa kuwa halina uzito. Kamba aliyekufa hupoteza ung'avu, huwa wa rangi ya maziwa au waridi, na mwili wake umejaa.

Mwenye gamba yupo ndani ya jiwe, laini kama nyama iliyomenywa, akisubiri gamba jipya likaze. Huo ndio wakati anaoweza kuliwa na samaki ambaye siku nyingine zote hamgusi. Wafugaji wengi husema samaki wao amegeuka tabia baada ya miezi sita ya amani. Samaki hakugeuka, alimkuta kamba bila silaha wala pa kujificha. Kwa hiyo mawe ya tangi yapangwe yaache mianya myembamba isiyopitisha samaki, mingi kuliko idadi ya kamba. Tangi lenye mawe mawili ya mapambo katikati ya mchanga mweupe hupendeza kwenye picha, na kwa kamba ni uwanja wa mauti.

Watu hubishana sana kuhusu kuongeza iodini ili kamba ajivue vizuri. Maoni yangu ni kwamba mfugaji anayebadilisha sehemu ya maji mara kwa mara kwa maji mazuri ya bahari, na anayelisha kamba chakula cha aina mbalimbali, hana haja ya chupa hiyo. Iodini ikizidi ni sumu. Pesa ya chupa inunue chumvi.

Jambo la pili linaloua kamba ni la kushangaza ukilijua asili yake. Damu yetu hubeba hewa kwa kutumia madini ya chuma, na ya kamba kwa kutumia shaba, ndiyo maana ikikutana na hewa huwa na ubuluu. Mwili wake unaijua shaba na kuihitaji. Lakini shaba ikiwa imeyeyuka majini, hata kwa kiasi kidogo kisichomdhuru samaki, humuua kamba. Na shaba ndiyo dawa kongwe ya ugonjwa unaojulikana zaidi kwenye matangi ya maji chumvi: madoadoa meupe yanayoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Samaki huonekana kama amenyunyiziwa chumvi, mfugaji anapata wasiwasi, anamimina dawa ndani ya tangi. Samaki anaweza kupona. Kamba hatauona mwisho wa wiki. Tena shaba hunata kwenye mawe na mchanga wa chokaa na kuachia kidogo kidogo baadaye, kwa hiyo hata kamba atakayenunuliwa miezi kadhaa mbele yupo hatarini.

Dawa yoyote yenye shaba itumike kwenye tangi la karantini tu, tangi tupu lisilo na mawe wala mchanga. Wahamishie humo samaki wote, na tangi kubwa liachwe na kamba peke yao kwa zaidi ya miezi miwili ili vimelea vikose pa kujishikiza. Kamba haugui ugonjwa huo. Hapa pia ule utaratibu wa kumtanguliza unasaidia: kama kila samaki mpya atapita karantini kwanza, tangi kuu halitahitaji dawa.

Labda utauliza kama kamba msafishaji hawezi kuifanya kazi hiyo yeye mwenyewe. Wauzaji humnadi kama tabibu. Ukweli ni kwamba kimelea cha madoadoa meupe hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo kamba hafiki kirahisi, na kumtegemea yeye ni kumwonea. Hata hivyo kazi yake si ya bure. Mwaka 2015 Thane Militz na Kate Hutson wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walichapisha utafiti juu ya kamba huyuhuyu na kimelea kingine, mnyoo bapa anayejibandika kwenye ngozi ya samaki. Waligundua kwamba kamba, mbali na kumsafisha samaki, hula mayai na mabuu ya kimelea hicho yaliyomo ndani ya tangi na hivyo kupunguza maambukizi mapya. Kwa hiyo yeye ni kinga ndogo ya kila siku. Tiba itafutwe kwingine.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi, maana sura zilizotangulia zimeyaeleza. Lenga gramu 35 za chumvi kwa lita, joto la nyuzi 24 hadi 27, amonia na nitriti zisionekane kabisa kwenye kipimo. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anaweza kuchota bahari yenyewe, lakini achote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na wakati wa masika apime kila ndoo kwa kuwa mvua hupunguza chumvi ya ufukweni. Wa Nairobi, Kampala au Kigali atatumia chumvi maalumu ya matangi, kamwe si ya mezani, pamoja na maji yaliyochujwa. Maji yaliyopita kwenye mabomba ya shaba nayo yanaweza kubeba ile sumu tuliyoisema.

Maji ya tangi yanapopungua kwa joto, kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Kijazio cha kila siku basi kiwe maji baridi yasiyo na chumvi. Anayejaza kwa maji ya bahari huongeza ukali wa chumvi kila siku bila kujua, na kamba ndiye atakayemjulisha. Siku ya kumleta nyumbani, weka maji yake kwenye chombo na uache maji ya tangi yaingie tone kwa tone kupitia mrija mwembamba kwa saa moja au zaidi. Samaki huvumilia haraka. Kamba aliyeharakishwa huonekana mzima siku hiyo na kufa kesho yake. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua kiumbe yeyote. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na saa nne za giza Dar es Salaam mwezi wa Februari zinatosha kumaliza tangi zima.

Sasa yule gobi.

Kwenye mchanga kandokando ya matumbawe, kutoka Bahari ya Shamu hadi Pasifiki, kuna shimo lenye wakazi wawili. Mmoja ni kamba mfupi mnene wa jamii ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa kupita kiasi. Mwingine ni gobi, samaki mwembamba mwenye macho makubwa. Kamba huchimba kutwa nzima, akitoa mchanga na vipande vya kombe na kuvimwaga nje. Macho yake ni dhaifu mno kumwona adui kwa mbali. Gobi haoni haja ya kuchimba. Anakaa mlangoni na kutazama. Kila kamba anapotoka, hugusisha kipapasio kimoja kwenye mwili wa gobi na kukiacha hapo muda wote akiwa nje. Gobi akiona hatari hupiga mkia mpigo mfupi, na kamba hurudi ndani nyumanyuma. Hatari ikizidi, gobi mwenyewe huingia kichwa mbele na kamba huwa amekwisha kuondoka njiani. Usiku wote wawili hulala ndani.

Mtafiti Mjerumani Luther aliueleza ushirika huu mwaka 1958 kutoka Bahari ya Shamu. Mwaka 1972 Ilan Karplus na wenzake walichapisha uchunguzi wa jozi hiyo wakiwa wamewatengenezea mashimo ya bandia ili waone kinachotendeka chini ya mchanga. Mfugaji ana bahati ya kuona mambo hayo sebuleni, kwani jozi hii huishi vizuri hata kwenye tangi dogo la lita 80. Kamba hawa mara nyingi huchimba kwa kuufuata ubavu wa kioo, kwa hiyo utaona chumba chao kwa pembeni, gobi akiwa amejilaza na kamba akipanga vijiwe ukutani mmoja mmoja.

Waandalie mchanga wa kina cha sentimita saba au zaidi, uliochanganywa na vipande vya matumbawe na kombe. Mchanga mtupu huporomoka. Mawe makubwa yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake siku moja na jiwe litamwangukia. Funika tangi kwa wavu, maana gobi akishtuka huruka nje. Ukiwanunua kwa nyakati tofauti usihangaike kuwakutanisha, watatafutana wenyewe.

Utasikia mlio. Ni mkali, kama kioo kilichopasuka, na wenye matangi wapya hukimbia kukagua kona zote. Ni gando la Alpheus. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba sauti hutokana na sehemu mbili za gando kugongana. Mwaka 2000 Michel Versluis wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na wenzake walipiga picha za kasi kubwa na kuonyesha kwamba gando linapofunga hurusha maji kwa kasi inayozalisha povu moja, na mlio ni wa povu hilo linapojifinya na kupasuka. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilionyesha kwamba wakati wa kupasuka hutoka mwako mdogo wa mwanga usioonekana kwa macho, na joto la ndani hupita nyuzi 4,700. Yote hayo hutendeka ndani ya nafasi ndogo na muda mfupi mno, kwa hiyo tangi halichemki. Alpheus hutumia silaha hiyo kwa vijikamba na vikaa vidogo, na kumwonya anayesogelea shimo. Gobi wake hamfyatulii. Kamba msafishaji mkubwa kwa kawaida huishi naye kila mmoja na njia yake, ila wale wadogo wa sentimita moja mbili usiwaweke pamoja naye.

Tofautisha mlio huo na mlio wa kamba-vunjajungu, ambaye si kamba hasa na huingia akiwa amejificha kwenye tundu la jiwe hai, yaani jiwe lililotolewa baharini na viumbe wake. Huyo ana viungo vya mbele kama ngumi, na wakubwa wa aina yake wanaweza kupasua kioo. Kama kuna mlio usiku, na samaki wadogo wanapungua, na humwoni Alpheus popote, toa mawe moja baada ya jingine hadi umpate.

Kamba kwa kamba nao wana ugomvi. Msafishaji anapenda wenziwe. Wawili au watatu hukaa pango moja. Stenopus hispidus, mwenye pete nyekundu na nyeupe na magando marefu, ni mzuri mno na ana nguvu, lakini humvumilia mwenzi wake tu. Weka mmoja, au jozi iliyokwisha kuoana. Kwenye tangi dogo huwawinda kamba wengine, na usiku huweza kumkamata samaki aliyelala. Yule wa madoa ya waridi anayetembea kama yuko ngomani, Hymenocera picta, hula viti vya pwani tu; asiyeweza kumlisha hivyo kila wiki asimnunue, kwa kuwa atamtazama akifa kwa njaa. Halafu kuna mchanganyiko wa kila siku dukani: mtu anataka Lysmata wurdemanni wa Atlantiki, anayesifika kwa kula anemoni wadogo waharibifu, anauziwa Rhynchocinetes durbanensis, anayepatikana bahari yetu na aliyepewa jina la mji wa Durban. Wa pili ana nundu, macho makubwa na mistari myeupe iliyopangana na myekundu, naye anapenda kutafuna matumbawe laini. Kwa samaki hana ubaya. Mwenye matumbawe ndiye atakayelia.

Limebaki la uzazi, na ndilo linalotufikisha kwenye deni letu. Mwaka 1998 mtafiti Curt Fiedler alionyesha kwamba kamba msafishaji huanza maisha akiwa dume, kisha huwa dume na jike kwa pamoja. Ndiyo sababu wawili wowote waliokomaa ni jozi. Mara moja baada ya kujivua gamba mmoja hupokea mbegu, na siku chache baadaye utaona mayai ya kijani chini ya tumbo lake. Usiku mmoja huachia mamia ya mabuu, na samaki hufanya karamu. Hata ukiwaokoa, mabuu hao huelea miezi kadhaa kabla ya kuwa kamba, wakihitaji chakula hai cha saizi ya vumbi. Wanaofaulu kuwalea ni wachache, na kamba wengi walio dukani wametolewa mwambani kwa mkono wa mvuvi.

Ripoti ya kituo cha UNEP-WCMC ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki milioni 20 hadi 24 wa mapambo huuzwa duniani kila mwaka kutoka baharini, pamoja na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo milioni 9 hadi 10, kamba wasafishaji wakiwemo. Kenya imekuwa katika biashara hiyo kwa miongo mingi, na wazamiaji wa pwani yake hupata riziki humo. Kazi hiyo ni halali na inaweza kufanywa vizuri kwa wavu wa mkono, nje ya hifadhi kama Watamu na Kisite. Lakini kila kamba anayekufa mikononi mwetu kwa uzembe anamrudisha mvuvi mwambani kumtoa mwingine.

Kwa hiyo, ukienda kununua, usiridhike na rangi. Uliza ameletwa lini, na kama hajatimiza wiki dukani, mwache kwanza. Omba alishwe mbele yako. Kamba mzima akinusa chakula hutoka pangoni upesi. Hesabu vipapasio na miguu. Uliza kama maji ya duka yametiwa shaba, na kama muuzaji anasitasita, toka. Na siku utakapochoka kufuga, usimmwage kiumbe yeyote baharini, hata kama unaamini ametoka humohumo. Mtafutie mfugaji mwingine.